Papa wa Kilindi na Kipunji: Njia ya Kufundisha Ulinganishaji katika Shule za Karatu na Ngorongoro

Katika mazoezi na mitihani ya sayansi ya shule za msingi, agizo la "Linganisha" hutokea mara nyingi, na aghalabu hujibiwa vibaya. Mwanafunzi anayeambiwa alinganishe samaki na ndege huandika kwamba samaki huishi majini na ndege ana manyoya. Kila sentensi peke yake ni ya kweli, lakini hakuna kilicholinganishwa. Juu ya samaki ametaja makazi. Juu ya ndege ametaja vazi la mwili. Habari hizo mbili hazikutani popote. Mwanafunzi huyo hakukosa maarifa, alikosa njia. Na njia hiyo hakuipata kwa kuwa haikuonyeshwa ubaoni.

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mwanachuo anayejiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Tumechagua wanyama wawili walio mbalimbali mno: papa anayeishi katika vilindi vya Bahari ya Hindi, na kipunji, kima adimu anayepatikana Tanzania peke yake. Tumechagua pia mahali pagumu pa kufundishia somo hilo, yaani shule za Karatu na Ngorongoro. Kutoka Karatu hadi pwani ya Tanga ni zaidi ya kilometa 400, na msitu wa kipunji uko kusini kabisa mwa nchi. Mwanafunzi wa huko hatamwona papa wala kipunji kwa safari ya kawaida ya shule. Mwalimu akiweza kuliendesha somo hili hapo, ataweza kuliendesha popote.

Hoja ya makala haya ni moja: kulinganisha ni kuviuliza vitu viwili swali lilelile. Swali likiwa moja, hata viumbe walio mbali kama hawa hupatana mahali ambapo jicho halikutazamia. Swali likikosekana, darasa litabaki na orodha mbili zisizo na uhusiano.

KWA NINI WANYAMA HAWA?

Yawezekana mwanachuo akauliza: mbona tusilinganishe ng'ombe na mbuzi, ambao kila mtoto wa Karatu anawafahamu? Ng'ombe na mbuzi wanafaa sana kwa somo la kwanza, na mwalimu asiwaache. Lakini wanyama wanaokaribiana humruhusu mtoto kujibu kwa macho tu: huyu mkubwa, yule mdogo, huyu ana ndevu, yule hana. Wanyama walio mbali humlazimisha kutafuta swali kwanza, kwa sababu macho peke yake hayatamfikisha popote.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Papa wengi wa kilindi wamo katika hatari ya kutoweka, na kipunji pia. Kwa umbo hawafanani hata kidogo, wala adui zao si wamoja. Hata hivyo, ndani ya maisha yao mna jambo moja linalowafanya wote wawili kuwa dhaifu mbele ya hasara. Jambo hilo ndilo lengo la somo. Mwanafunzi akilifikia kwa kufikiri mwenyewe, atakuwa amejifunza kanuni atakayoitumia kwa faru, kwa tembo na kwa miti ya msitu wa Ngorongoro, bila kuambiwa.

TUANZE NA MAJINA

Watoto wengi wa Karatu huanza kusema Kiiraqw nyumbani, wengine wa Ngorongoro Kimaasai, na Kiswahili chao hupanuka shuleni. Kwa wengi wao neno "papa" ni jina la kiongozi wa Kanisa Katoliki, analolisikia mtoto kila Jumapili. Mwalimu asicheke wala asikemee mtoto akilitaja hilo. Na aseme wazi kwamba neno ni moja na maana ni mbili, kisha achore samaki ubaoni.

Papa ni samaki asiye na mifupa migumu. Kiunzi cha mwili wake ni gegedu. Hapa hakuna haja ya zana ya kununua: kila mwanafunzi na alishike sikio lake na kulikunja. Kile kigumu kinachokunjika bila kuvunjika ndicho gegedu. Mwalimu na aeleze pia kwamba nyangumi si papa. Nyangumi hupumua kwa mapafu na hunyonyesha. Papa hupumua kwa matamvua, na hana maziwa.

Papa tunayemzungumzia ni wa jenasi ambayo wataalamu huiita Centrophorus. Zimo spishi kadhaa ndani yake, na baadhi yake huishi kwenye miteremko ya chini ya Bahari ya Hindi. Wengi wao wana urefu wa meta moja hivi au zaidi kidogo, na wana macho makubwa ya rangi ya kijani. Huonekana kuanzia kina cha meta 200 hivi hadi zaidi ya meta 1,000.

Jina "kipunji" lilitoka kwa wenyeji wa eneo la mlima Rungwe, mkoani Mbeya. Kabla ya kulitaja, mwalimu na awaulize wanafunzi ni kima gani wanaowajua. Watamtaja nyani, ambaye hukaa kando ya barabara na kuingia mashambani, watamtaja tumbili, na wale wanaokaa karibu na msitu watamtaja kima wa rangi ya kijivu. Kipunji na aongezwe katika orodha hiyo kama ndugu mgeni: ana manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi, kishungi kilichosimama utosini, tumbo jeupe-jeupe na ncha ya mkia nyeupe. Hukaa zaidi juu ya miti.

KRETA KAMA KIPIMO CHA KINA

Kanuni ya kwenda kutoka yanayojulikana hadi yasiyojulikana inafahamika kwa kila mwanachuo, lakini mara nyingi husahauliwa pale inapohitajika zaidi. Kumwambia mtoto wa Karatu kwamba papa huishi kwenye kina cha meta 600 ni kumpa tarakimu tupu. Lakini mtoto huyo anayo karibu naye mojawapo ya zana kubwa za kufundishia zilizoko duniani, nayo ni Kreta ya Ngorongoro.

Kutoka ukingoni hadi chini, kreta ina kina cha meta 600 hivi. Mwalimu na awaambie wanafunzi wafikiri kwamba imejaa maji ya bahari mpaka ukingoni, pale magari yanaposimama ili watu watazame. Je, nyati walioko chini wataonekana? Hawataonekana. Mwanga wa jua hufifia upesi ndani ya maji. Ukipita meta 200 hautoshi tena kuotesha mmea wowote, na ukipita meta 1,000 haufiki kabisa. Ziwa Magadi lililo chini ya kreta lingekuwa katika giza ambalo jicho la mtu haliwezi kulipenya. Hapo ndipo nyumbani kwa papa wa kilindi.

Wapo watoto wa Karatu ambao hawajafika ukingoni. Kwa hao, ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, au kilima chochote kirefu kilicho karibu na shule, unaweza kutumika kwa kufikirisha. Lililo muhimu ni kwamba kina kipimwe kwa kitu ambacho mguu au jicho la mtoto limekwisha kukifikia.

Kreta hiyohiyo hupima na makazi ya kipunji, kwa njia mbili. Kwanza ni urefu kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa kreta umeinuka zaidi ya meta 2,200, na katika eneo la Rungwe kipunji huishi kwenye misitu ya mlimani inayofikia meta 2,450. Kwa hiyo ukungu na baridi ya asubuhi ambayo mtoto anaijua ukingoni ndiyo hali ya nyumbani kwa kipunji. Pili ni ukubwa wa eneo. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kipunji 1,117 tu, na jumla ya eneo walilokuwa wakilikalia ilikuwa kilometa za mraba 17.69. Sakafu ya kreta ina kilometa za mraba 260 hivi. Maana yake ni kwamba makazi yote ya kipunji duniani yangeingia ndani ya sakafu ya kreta mara kumi na nne na zaidi. Na kama shule ina wanafunzi elfu moja na mia moja, basi wanafunzi wakisimama kwenye mstari wa asubuhi watakuwa wameona kwa macho idadi ya kipunji wote waliohesabiwa.

MASWALI MATANO

Baada ya matayarisho hayo, mwalimu na achore jedwali lenye safu tatu: safu ya kushoto ni ya swali, ya kati ni ya papa, na ya kulia ni ya kipunji. Safu ya maswali ijazwe kwanza, nyingine zikiwa tupu. Jambo hili dogo ndilo moyo wa njia nzima. Mwanafunzi anapoona nafasi mbili tupu mbele ya swali moja, hawezi tena kujibu makazi kwa huyu na manyoya kwa yule.

1. Makazi yake yana shida gani? Papa: giza, baridi na kanieneo kubwa ya maji. Kipunji: baridi na unyevu wa mlimani, na hatari ya kuanguka kutoka kwenye matawi.

Kanieneo huhitaji maelezo. Kila meta 10 za maji huongeza msukumo ulio sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye kina cha meta 600, mwili husukumwa mara sitini na zaidi kuliko juu ya maji.

2. Mwili wake unaijibuje shida hiyo? Papa wa kilindi ana macho makubwa yenye utando wa nyuma unaorudisha mwanga. Mtoto aliyemmulika paka au komba kwa tochi usiku ameuona utando kama huo uking'aa. Kipunji hutafuta chakula mchana, hivyo hana kioo hicho machoni. Tena, samaki wengi wenye mifupa huelea kwa msaada wa kibofu cha hewa, lakini papa hana kibofu hicho. Badala yake ana ini kubwa mno lililojaa mafuta mepesi kuliko maji. Hayo humsaidia asizame, na tofauti na hewa, hayabanwi sana na maji ya kilindini. Kuhusu baridi, kipunji huzalisha joto mwilini mwake na kulihifadhi kwa manyoya marefu. Papa huyu hajipashi joto. Mwili wake hufuata baridi ya maji, na shughuli zake huenda polepole.

3. Hupataje chakula? Papa huwinda samaki na ngisi. Kipunji hula majani, matunda, maua, magome na wadudu, na mahali ambapo shamba limepakana na msitu huingia kwenye mahindi.

4. Huzaa watoto wangapi, na kwa muda gani? Hapa mwalimu na aende taratibu, kwa kuwa hapa ndipo wanyama hawa wanapokutana. Jike la papa wa jenasi hii huzaa mtoto mmoja au wachache tu kwa uzazi mmoja. Mimba yake hukadiriwa kuchukua kiasi cha miaka miwili katika spishi iliyochunguzwa zaidi, na jike huchukua miaka mingi kabla ya kupevuka. Kipunji, kama walivyo kima kwa kawaida, huzaa mtoto mmoja kwa mara moja, naye hubebwa na kulelewa kwa muda mrefu.

5. Ni nini kinachompunguza? Papa hupunguzwa na mishipi mirefu na nyavu zinazoshushwa kilindini kwa ajili ya nyama na hasa mafuta ya ini. Mabaharia wa pwani wamejua tangu zamani kutumia mafuta ya ini la papa, yaitwayo sifa, kupaka mbao za majahazi. Mafuta ya papa wa kilindi yanathaminiwa zaidi kwa sababu yana skwalini kwa wingi, ambayo hutumika katika vipodozi na dawa. Kipunji hupunguzwa na ukataji wa miti, uchomaji wa mkaa, kugawanyika kwa msitu, uwindaji na mitego.

Jedwali likijaa, mwalimu na aulize: "Ni swali gani ambalo majibu yake mawili yanakaribiana zaidi?" Darasa litaelekea kwenye swali la nne. Hapo ndipo aulize swali la mwisho: "Je, jibu la swali la nne lina uhusiano gani na jibu la swali la tano?" Asilijibu yeye. Jibu litatoka katika mchezo ufuatao.

MCHEZO WA PUNJE

Kila kikundi kipewe punje za mahindi na makopo mawili. Kopo la kwanza ni la panya wa shambani. La pili ni la mnyama azaaye polepole. Kila kopo lianze na punje 20. Mwalimu na aseme wazi kwamba tarakimu za mchezo huu ni za kufikirisha tu, si hesabu ya wanyama halisi.

Kila mzunguko ni msimu mmoja. Katika kopo la panya, wanafunzi waongeze punje 10 za watoto waliozaliwa, kisha watoe 3 za waliokufa kwa mikono ya watu. Katika kopo la pili waongeze punje 1, kisha watoe 3 vilevile. Hasara ni ileile kwa wote wawili. Baada ya mzunguko wa kumi, kopo la panya litakuwa na punje 90, na kopo la pili litakuwa tupu.

Watoto hushangaa, kwa sababu wameona kwa mikono yao kwamba hasara sawa haiwadhuru wote sawa. Mchezo na urudiwe kopo la pili likiwa na punje 20, lakini safari hii pasitolewe kitu chochote. Baada ya mizunguko kumi zitakuwa 30 tu. Wanafunzi wataona jambo la pili: anayezaa polepole hupona polepole, hata akihifadhiwa kikamilifu.

Mambo haya mawili yametokea kweli. Katika visiwa vya Maldivi, uvuvi wa papa wa kilindi kwa ajili ya mafuta ya ini ulianza mwaka 1980 hivi. Ulipanda haraka kwa miaka michache, kisha ukaporomoka kwa kuwa papa walikwisha kabla ya kuzaliwa wengine wa kutosha. Mwaka 2010 Serikali ya Maldivi ilipiga marufuku uvuvi wa papa wote, na mwaka 2025 mjadala wa kuufungua tena uvuvi wa papa hawa wa kilindi ukazuka. Kwa upande wa kipunji, uchunguzi uliofanywa miaka zaidi ya kumi baada ya ile hesabu ya kwanza ulionyesha kuwa idadi yake katika misitu ya Rungwe na Kitulo imeongezeka, kufuatia doria, ulinzi wa msitu na kazi ya pamoja na vijiji. Hapo awali alikuwa amewekwa katika daraja la walio hatarini kabisa. Baadaye akahamishiwa daraja la walio hatarini. Bado hajatoka hatarini, lakini kopo lake limeanza kuongezeka.

Kuna tofauti moja ambayo mwalimu asiiache. Kipunji anaweza kuhesabiwa: watu hutembea msituni, husikiliza mlio wake na kuhesabu kundi kwa kundi. Papa wa kilindi hahesabiki hivyo. Kwa sehemu kubwa hujulikana kwa kile kinachopandishwa na nyavu. Hivyo kupungua kwake hugunduliwa mara nyingi wakati wavuvi wameanza kurudi mikono mitupu.

WATAALAMU NAO HULINGANISHA

Mwanafunzi asidhani kwamba jedwali la maswali ni kazi ya watoto tu. Historia ya kipunji yenyewe ni somo la ulinganishaji. Wenyeji wa Rungwe walikuwa wakimtaja mnyama huyu kabla ya watafiti kumjua. Watafiti walimwona Rungwe mwaka 2003. Wengine, bila kujua habari hizo, walimwona mwaka 2004 katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 alitangazwa kwa ulimwengu kama spishi mpya. Kwa kuwa walikuwa na picha na maelezo ya umbo na mlio tu, walimlinganisha kwa nje, wakamweka katika jenasi ya kima wengine wakaao mitini, iitwayo Lophocebus.

Baadaye kipunji mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima, kwenye shamba la mahindi huko Rungwe. Sasa wataalamu waliweza kuuliza maswali mengine: fuvu lake likoje, na vinasaba vyake vinakaribiana na vya nani? Majibu yalimsogeza karibu na nyani, akiwa na tofauti za kutosha kupewa jenasi yake mwenyewe. Mwaka 2006 aliitwa Rungwecebus. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jenasi mpya ya kima hai kupatikana barani Afrika baada ya miaka 83.

Mnyama alikuwa yuleyule; lililobadilika ni swali. Mwanafunzi akilielewa hilo, ataelewa kwa nini safu ya kushoto ya jedwali ndiyo inayoandikwa kwanza.

MASWALI MAGUMU YA WANAFUNZI

Mwalimu ajiandae kwa maswali mawili ambayo hayakosi kutokea. La kwanza ni hili:

Mwanafunzi: Mwalimu, umesema papa huyu anazaa na kipunji anazaa. Basi papa naye ni mamalia?

Mwalimu: Umeuliza vema. Tumwulize papa maswali tunayomwuliza kipunji. Je, mtoto wake hula nini akiwa tumboni?

Mwanafunzi: Kama cha mbuzi, hulishwa na damu ya mama.

Mwalimu: Kwa papa huyu sivyo. Mayai huanguliwa ndani ya tumbo la mama, na mtoto hulishwa na kiini cha yai lake. Je, akizaliwa atanyonya?

Mwanafunzi: Hapana, mwalimu. Papa hana maziwa.

Mwalimu: Basi kuzaa peke yake hakutoshi kumfanya mnyama awe mamalia.

La pili ni zito zaidi, na hutoka kwa watoto wa mashamba yanayopakana na msitu: "Mwalimu, kwa nini tuwahurumie kima, nao wanatumalizia mahindi?" Mtoto huyu pengine huamka alfajiri kulinda shamba, na akichelewa shuleni hiyo ndiyo sababu. Mwalimu asimjibu kwa mahubiri. Hasara ya shamba ni ya kweli, na mtoto ana haki ya kuitaja.

Njia ya maswali ndiyo itakayosaidia. Mwalimu na amweke nyani wa Karatu katika safu ya nne ya jedwali, aulizwe maswali yaleyale matano. Darasa litaona kwamba nyani naye huzaa mtoto mmoja kwa mara; lakini makazi yake ni mapana, chakula chake ni cha aina nyingi, naye yumo katika sehemu nyingi za Afrika. Kipunji anayo misitu michache tu. Kwa hiyo kufukuza nyani shambani na kumpoteza kipunji mmoja mtegoni si mambo ya uzito mmoja, ingawa mahindi yaliyoliwa ni yaleyale. Mtoto akisema hivyo kwa maneno yake mwenyewe, hana haja ya kuambiwa awapende kima. Amekwisha kupima.

Hapo pia ndipo pa kuutaja msitu ulio juu ya Karatu. Msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro ni makazi ya wanyama, na ni chanzo cha maji yanayoteremka kwenye vijiji na mashamba ya Karatu. Msitu uliokatwa, kama mnyama azaaye polepole, haurudi kwa msimu mmoja.

KUPIMA MAFANIKIO YA SOMO

Somo hili linahitaji vipindi viwili: cha kwanza kwa majina, kreta na jedwali, cha pili kwa punje, majadiliano na zoezi. Mwalimu asikimbilie kumaliza yote kwa siku moja.

Zoezi la mwisho lisiwe la kuwakumbuka papa na kipunji. Mwanafunzi anaweza kukariri jedwali zima bila kuelewa chochote. Apewe wanyama wawili wapya anaowajua, mathalani faru na nguruwe pori, au kuku na kanga, aandike mwenyewe maswali matatu kabla ya kuandika jibu hata moja, kisha ajibu kila swali kwa wanyama wote wawili. Katika kusahihisha, alama za kwanza zitolewe kwa swali lililoulizwa sawasawa kwa pande zote mbili. Alama za pili zitolewe kwa ukweli wa majibu. Alama za mwisho, ambazo ni chache na za thamani zaidi, zitolewe kwa sentensi moja inayounganisha majibu mawili kwa neno "kwa sababu".

Mwanachuo atakapokusanya madaftari, atazame sentensi hizo kwanza. Humo ataona kama darasa lake limelinganisha, au limeorodhesha tu. Akikuta wengi wameorodhesha, asiwalaumu wanafunzi. Arudi ubaoni kesho yake, afute safu mbili za majibu, na aiache safu ya maswali peke yake.